Kabichi na maharage machanga kwenye jungu la umeme, kwa anayetunza figo

Jungu la umeme la kupikia taratibu halitoi kitu nje. Mfuniko umekaa, moto ni mdogo, mvuke unapanda na kudondoka humo humo, na ulichokiweka asubuhi ndicho utakachokikuta mchana. Kwa nyama ya mchuzi hiyo ni sifa. Kwa mtu ambaye figo zake hazichuji vizuri, ni jambo la kufikiria kabla hujashika kisu, maana potasiamu ya kabichi (madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa mwilini), chumvi ya viungo na maji yote vitabaki chunguni na kuishia kwenye sahani yake. Kwa hiyo mboga yake hupikwa mara mbili: kwanza kwenye sufuria ya maji mengi ambayo yanamwagwa, kisha kwenye jungu. Ukiruka ile hatua ya kwanza umempikia mboga laini na tamu, yenye kila kitu ambacho daktari alisema kipunguzwe.

Mimi nampikia mama yangu, ambaye anasafisha damu Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mashine peke yake ni saa nne. Ongeza kusubiri kitanda, ongeza foleni ya kurudi Temeke, tunafika nyumbani mchana umeshakwenda, yeye miguu haina nguvu na mimi njaa imenishika. Saa hiyo hakuna anayetaka kuanza kumenya vitunguu. Jungu ndilo lililotuondoa kwenye chipsi za barabarani, ambazo kwake ni potasiamu na chumvi ndani ya mfuko mmoja.

Kabla hujanifuata jikoni, ujue kwanza mgonjwa wako amewekewa mpaka gani. Si kila mwenye ugonjwa wa figo anatakiwa kupunguza potasiamu. Wapo walio hatua za mwanzo, damu yao iko sawa, na wanahimizwa kula mboga kwa wingi. Wapo wanaosafisha damu kwa njia ya tumbo, ambao wakati mwingine potasiamu yao hushuka badala ya kupanda. Kipimo cha damu ndicho kinachosema. Kwa kawaida potasiamu hukaa kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita moja ya damu. Ikipanda sana misuli inalegea, mapigo ya moyo yanavurugika, na moyo unaweza kusimama bila kukupa dalili ya maana kabla. Wengi wanaowekewa mpaka huambiwa wabaki kati ya miligramu 2,000 na 3,000 kwa siku. Namba ya mgonjwa wako aitoe daktari wake au mtaalamu wa lishe wa kliniki, si mimi wala jirani.

Sasa mboga zenyewe. Tunazozipenda zaidi ndizo nzito. Mchicha una takriban miligramu 600 za potasiamu kwa gramu 100, na matembele yanaufuata kwa karibu. Viazi mviringo vinapita 400, parachichi linakaribia 500. Nyanya mbichi ni kama 240 tu, lakini nyanya ya kopo iliyokolezwa inafika 1,000, na watu wanaichota kijiko juu ya kijiko kwa kuwa wanaihesabu kuwa kiungo. Kabichi iko karibu na 170, hoho ya kijani vilevile, kitunguu maji 150, maharage machanga 210. Karoti mbichi inafika 320, ndiyo maana kwangu inaingia moja tu kwa chungu kizima, kwa ajili ya rangi na utamu.

Hivi ndivyo ninavyonunua kwa jungu la lita tatu na nusu: nusu ya kabichi ya wastani, yaani kama gramu 600, maharage machanga, yale ya maganda mabichi, gramu 300, karoti moja, hoho moja ya kijani, kitunguu maji kikubwa kimoja, punje nne za kitunguu saumu, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, giligilani ya kujaza kiganja, ndimu moja, na nazi. Nyumbani niwe na binzari nyembamba kijiko kimoja cha chai, pilipili manga nusu kijiko, na vijiko viwili vikubwa vya mafuta ya alizeti. Zinatoka sehemu kama kumi za nusu kikombe. Nusu kikombe ndiyo sehemu ya mama. Sisi wengine tunapakua tunavyotaka.

Pale soko la Tandika akina mama wanakukatia kabichi papo hapo: kipande kimekamatwa kwa mkono wa kushoto, kisu kinakuja kuelekea kidole gumba, na nyuzi ndefu nyembamba zinaanguka kwenye sinia. Waache wakukatie. Kabichi nyembamba namna ile ina sehemu nyingi za kugusana na maji, na huko ndiko potasiamu inakotokea. Kabichi ya mapande makubwa inahifadhi mambo yake ndani hata uichemshe vipi. Maharage machanga ukayakate mwenyewe: toa ncha zote mbili, kisha katakata vipande vya urefu wa kucha. Karoti menya, gawa mara mbili kwa urefu, kata vipande vyembamba vya nusu mwezi. Ukishamaliza, osha vyote vizuri kwa maji safi.

Teleka sufuria kubwa kuliko unayodhani unaihitaji. Kwa kilo moja ya mboga natia lita tano za maji, nayo yawe yanatokota kweli kweli. Tia maharage na karoti kwanza, dakika tano. Kisha kabichi, dakika tano nyingine, mfuniko pembeni. Usitie chumvi hapa. Utaona maji yanageuka kijani hafifu, juu kuna povu jembamba, na harufu ile tamu ya kabichi imejaa jiko zima. Hayo ndiyo maji ambayo wengi wetu tumelelewa tukiambiwa ni dawa, tuyanywe kwa kikombe. Kwa mwenye figo, ile potasiamu uliyoitoa kwa kazi yote hii imo humo. Mwaga, usiyahifadhi kwa mchuzi wala kwa kupikia wali. Pindua mboga kwenye chujio, zipitishie maji safi ya moto, kandamiza kidogo kwa mgongo wa mwiko mpaka maji yaache kuchuruzika.

Kuna wanaoloweka mboga usiku kucha kwenye maji baridi wakiamini wamemaliza kazi. Kuloweka peke yake kunatoa kidogo sana. Moto na maji mengi ndivyo vinavyofanya kazi. Na kwa nini tusiseme yote: ukimwaga maji hayo unamwaga pia vitamini C na baadhi ya vitamini B. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa kusafisha damu huandikiwa vidonge vya vitamini vinavyowafaa. Atumie hivyo alivyoandikiwa, asijinunulie vya dukani kwa kubahatisha.

Ukija kwenye ladha, hapa ndipo nyumba nyingi zinapokata tamaa. Mama wiki za kwanza alikuwa anasukuma sahani, "Mwanangu, hii chapwa," na alikuwa na haki. Mboga iliyochemshwa na kukamuliwa ukiitupa kwenye jungu bila kitu, saa tatu baadaye ni chapwa na imelegea. Kazi ya ladha lazima ifanyike kwenye kikaango, kwa sababu jungu haliwezi kukaanga. Joto lake halifiki pa kugeuza kitunguu rangi.

Basi weka mafuta kikaangoni, yakipata moto tia binzari nyembamba nzima. Ikianza kuruka na kutoa harufu, tia kitunguu maji kilichokatwa vyembamba. Usiwe na haraka nacho. Kiache moto wa wastani mpaka kingo zake ziwe kahawia na katikati kiwe laini chenye utamu. Mimi hunichukua robo saa na siipunguzi hata nikiwa nachelewa, kwa kuwa utamu huo ndio unaosimama mahali pa chumvi. Ndipo kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa pamoja, dakika moja tu, visiungue. Malizia na hoho iliyokatwa vipande vidogo na pilipili manga, geuza, epua.

Chumvi: mtaalamu wa lishe alituruhusu robo kijiko cha chai kwa chungu kizima, ambayo ni kama miligramu 600 za sodiamu, ukigawa kwa sehemu kumi, kila mmoja anapata 60. Mpaka wa siku nzima unaotolewa kwa wengi wenye ugonjwa wa figo ni chini ya miligramu 2,000, ambazo hazifiki kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa kila kitu alichokula tangu asubuhi, mkate ukiwamo. Pima kwa kijiko, usinyunyize kwa vidole. Baada ya wiki chache ulimi unazoea, na chakula cha hotelini kinaanza kumchoma.

Vitu vitatu visiingie kabisa. Cha kwanza ni vile vidonge na unga wa kuungia mchuzi: soma karatasi yake, mara nyingi chumvi ndiyo iliyotajwa mwanzo. Cha pili ni magadi. Najua mboga huiva upesi na kubaki na rangi nzuri ya kijani, lakini magadi ni sodiamu, na ukiwa na jungu huna haja ya kulainisha kitu kwa magadi. Cha tatu ndicho cha hatari kuliko vyote: chumvi mbadala inayouzwa kwa wenye presha. Nyingi zimetengenezwa kwa kloridi ya potasiamu. Mwenye presha na figo nzima anaweza kuambiwa aitumie. Kwa mtu wa kusafisha damu, kijiko kimoja kinaweza kumpeleka hospitali usiku huo huo. Ikiwa mtu amekuletea zawadi pakiti yenye maandishi ya kusifia moyo, geuza nyuma usome viungo vyake kabla hujaiweka kabatini.

Sasa jungu. Panga karoti na maharage chini, karibu na joto, maana mboga ngumu huiva kwa kuchelewa kuliko nyama kwenye chombo hiki. Juu yake kabichi. Juu kabisa mwaga vitunguu vyako na mafuta yote ya kikaangoni, nyunyiza chumvi uliyoipima, kisha robo kikombe cha maji ya moto kuzungukia kingo. Robo kikombe tu. Utaliona jungu kama limekauka na utatamani kuongeza. Usiongeze. Kabichi yenyewe itatoa maji, na hakuna mvuke unaopotea. Anayesafisha damu huwekewa mpaka wa maji ya kunywa, na mchuzi unaoogelea sahanini unahesabiwa ndani ya mpaka huo sawa na glasi ya maji.

Funika. Kwa moto wa chini ni saa tatu, kwa moto wa juu ni saa moja na nusu. Usifunue kuchungulia, kila ukifunua joto linatoka na jungu linachukua muda mrefu kulirudisha. Siku za kliniki nachemsha na kukaanga jioni ya jana yake, naweka kwenye friji vikiwa vimepoa. Alfajiri napanga chunguni, nawasha moto wa juu wakati tunajiandaa, kama nusu saa hivi, ili mboga za baridi zisikae muda mrefu kwenye uvuguvugu ambao vijidudu vinaupenda. Tukitoka nateremsha moto wa chini. Tukikuta zimekaa saa sita, kabichi imekuwa laini zaidi na haina ubaya wowote. Ukiwa unajua mtachelewa, yakate maharage vipande virefu kidogo.

Chungu cha ndani ni cha udongo wa kuchomwa. Kikitoka friji usikiweke moja kwa moja penye joto, na kikiwa cha moto usikitie maji baridi, kitapasuka. Mboga zilale friji kwenye bakuli lingine.

Umeme hauli sana. Jungu langu limeandikwa wati 210, yaani saa nne hazifiki yuniti moja ya LUKU. Hofu yangu ni umeme kukatika tukiwa hospitalini. Mdogo wangu akiwa nyumbani ana maelekezo: ukikatika, mboga zihamie kwenye sufuria juu ya jiko la gesi, zimaliziwe hapo. Nyumba ikiwa tupu na mkarudi mkakuta saa ya jungu inawaka na kuzima, au jirani anasema umeme ulikuwa haupo, na hamjui ulikatika kwa muda gani, mwaga chakula hicho hata kama kinaonekana kimeiva na kinanukia. Mwili wa mgonjwa wa figo hauna nguvu ya kupambana na tumbo la kuendesha.

Tui linaingia mwishoni. Ikune nazi na uikamue nyumbani, tui la kwanza peke yake, vijiko vinne vikubwa kwa chungu kizima. Ukiliweka tangu mwanzo litakatika na mafuta yaelee juu. Litie robo saa kabla ya kupakua, geuza taratibu kutoka chini, funika. Tui nalo lina potasiamu, kwa hiyo usiligeuze kuwa mboga ya nazi ya kuchovya mkate. Vijiko vinne vikigawanywa kwa watu kumi vinatosha kuleta harufu ya pwani bila kuleta hesabu. Ukishazima, kamulia ndimu na mwagia giligilani. Ndimu isitangulie, uchachu huzuia mboga kulainika. Na hapo ndipo utashangaa: ndimu ikigusa kile kitunguu cha kahawia, ulimi unaacha kutafuta chumvi.

Uchachu mwingine wa kwetu uache dukani na mtini. Ukwaju una potasiamu nyingi. Mbilimbi, ambazo Waswahili tunatilia mchuzi na achari, zina oksaleti nyingi mno na zimewahi kuharibu figo za watu waliokuwa wazima baada ya kunywa juisi yake. Ndugu yake karambola, mwenye umbo la nyota akikatwa, ni sumu ya ubongo kwa mgonjwa wa figo. Ndimu inatosha.

Nampakulia mama nusu kikombe kwa kijiko chenye matundu, mchuzi ubaki chunguni, pembeni ya kipande cha samaki mbichi wa kukaanga au mayai, kwa sababu anayesafisha damu anahitaji protini kuliko alivyohitaji zamani. Wali mweupe au ugali wa sembe. Dona ni nzuri kwa sisi, lakini kiini na pumba vinabeba potasiamu na fosforasi zaidi. Akiomba aongezwe mboga, nampa, lakini nahesabu: nusu kikombe mara tatu si tena mboga nyepesi, hata ukiichemsha namna gani.

Upikaji huu naushika kwa ukali zaidi Jumamosi na Jumapili. Kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu ndiyo mwanya mrefu, potasiamu na maji yanajikusanya bila mashine kupita, na ndizo siku za harusi, arobaini na wageni. Shughuli ikiwa kwa ndugu, nabeba chombo cha mama chenye mboga hii na nawaambia wenyeji mapema ili asionekane anadharau chakula chao. Wifi yangu siku hizi anapika sufuria yake pembeni kabisa na kunipigia simu kuuliza maharage yachemke dakika ngapi.

Ukitaka kubadilisha, ondoa nusu ya kabichi uweke bilinganya. Zimenye, kata vipande vya ukubwa wa kete ya bao, zichemshe dakika tano na kumwaga maji kama kawaida, halafu ziingie juu kabisa zisivunjike. Koliflawa nayo inafaa kwa njia hiyo hiyo. Maharage makavu mekundu usiyaweke mabichi kwenye jungu hata kwa wanafamilia wazima: yana sumu ambayo moto mdogo hauimalizi, lazima yalowekwe, maji yamwagwe, yatokote jikoni kwa nguvu nusu saa kwanza. Kwa mama hayaingii kabisa bila kumwuliza mtaalamu wa lishe.

Kikibaki chakula, kitoe chunguni ndani ya saa mbili, tandaza kwenye chombo cha kina kifupi kipoe haraka, weka friji. Kesho kipashe kwenye sufuria mpaka kifuke mvuke. Jungu ni la kupikia, halipashi haraka inavyotakiwa. Tui likikatika kwenye kupasha, ongeza kijiko cha maji ya moto, geuza, kitarudi.